Kumpunguza Rasilimali

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga, la, ila wenyewe wana wivu na jina lao, na mgeni akilitamka hutozwa ushuru. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina mto, ina bendera yenye picha ya kiti cha kuzunguka. Mimi sina ugomvi na mtu yeyote wa huko. Naeleza tu nilivyosikia, tena kwa kupunguza.

Rais wa nchi ile alikwenda ziara ng'ambo, akaona kuwa kila nchi tajiri ina mameneja. Akarudi mbio, akahutubia taifa palepale uwanja wa ndege, hata begi halijashushwa. "Ndugu wananchi," alisema, "sisi tumekuwa tukihangaika na majembe na nyundo, kumbe wenzetu wanahangaika na mikutano! Kuanzia leo kila raia awe meneja. Taifa la mameneja halina wa kuliamrisha!" Watu walipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Ndiyo ilikuwa kazi ya mikono ya mwisho kufanywa hadharani.

Kiwanda cha mikate kikapata Meneja Mkuu, Naibu wake, Meneja wa Unga, Meneja wa Hamira na Mkurugenzi wa Maono ya Mkate. Mikate yenyewe ikawa inatoka nchi jirani, imeshakauka njiani. Hospitali ya taifa iliweka meneja kwa kila ugonjwa, na kila ugonjwa ukastawi. Mtu akionekana ameshika jembe, watoto walimzomea, na mama zao waliwafunika macho.

Hapo likazuka jambo ambalo wataalamu hawakulitazamia. Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa na kitivo maarufu, Kitivo cha Uongozi wa Biashara na Tabia za Watu Kazini, na kitivo hicho kikaishiwa watu kazini. Vijana walisoma namna ya kumhamasisha mfanyakazi, kumkaripia mfanyakazi, kumpandisha na kumshusha mfanyakazi, na mfanyakazi mwenyewe hawajapata kumwona ila kwenye picha. Wanafunzi wa udaktari wana maiti. Hawa wangejifunzia nani? Chuo kikatangaza nafasi ya kazi, moja, kwa nchi nzima. Akajitokeza mtu mmoja.

*

Nyamizi Kapala alifika chuoni na sanduku la bati, viatu vya kuazima na hamu ya kumwona baba yake. Kapala alikuwa seremala hadi siku ile vijana wa uhamasishaji walipoichoma moto karakana yake kwa kosa la kuidhalilisha kata. Akaondoka kwenda mji mkuu kutafuta riziki, Nyamizi akiwa darasa la tano. Tangu hapo, kila msafiri aliyerudi kijijini alileta salamu zilezile: mwambieni mke wangu nipo Chuo Kikuu. Kijiji kikaamini kuwa Kapala amekuwa mkubwa. Mkewe akaanza kutembea polepole sokoni na kukataa kubishana bei.

"Ukifika usimuulize mlinzi," mama alimwagiza bintiye. "Uliza ofisi iliyo kubwa kuliko zote."

Nyamizi aliuliza, na hakuna aliyelijua jina la Kapala. Siku ya kwanza ya masomo darasa zima lilipelekwa kwenye Ukumbi wa Vitendo. Lilikuwa jumba la duara, viti vimepandishwa safu juu ya safu hadi karibu na dari. Chini kabisa katikati palizungushiwa kamba, na ndani ya kamba mlikuwa na meza ya seremala, mbao, na mtu.

"Huyu," alisema Profesa Daktari Mkumbwa, Mkuu wa Kitivo, akimnyooshea fimbo, "ndiye Rasilimali. Jina lake la zamani tulilifuta lisije likawatia huruma. Ndiye mfanyakazi pekee aliyesalia katika nchi yetu tukufu, na ni mali ya kitivo. Msimlishe. Msimzoee. Mnaruhusiwa kumhamasisha."

Yule mtu akainua uso, na Nyamizi akamwona baba yake. Mdomo ulishafunguka kumwita, lakini Kapala alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayefukuza inzi. Nyamizi akalimeza lile neno.

Ilibidi alimeze. Sheria ya nchi ilikuwa wazi: mwenye ndugu mfanyakazi naye ni mfanyakazi. Na mwanafunzi atakayefeli mtihani wa mwisho wa vitendo hushushwa ngazi, huvushwa kamba, na kuwekwa kwenye meza ile maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kufeli. Maprofesa walisema ni kwa sababu ya ubora wa ufundishaji.

*

Sasa usidhani Rasilimali alikuwa anateswa. Kitivo kilijali sana utu; utu ulikuwa na kipindi chake, Jumatano kabla ya chai.

Jumatatu alihamasishwa. Wanafunzi darasa zima walimzunguka wakimwambia unaweza, unaweza, unaweza, naye anatafuta upenyo wa kusogeza randa. Jumanne alionywa, kwa kuwa Jumatatu hakumaliza kiti. Alhamisi alihudhuria mkutano wa kujadili kwa nini Alhamisi hafanyi kazi. Ijumaa aliulizwa ana ndoto gani maishani, na aliposema huota amelala, ikaamuliwa kuwa hana malengo.

Kila mwisho wa mwezi alichaguliwa Mfanyakazi Bora, na picha yake ikapachikwa ukutani kando ya picha zake nyingine. Mwezi mmoja wa masika alishika nafasi ya pili. Kitivo kilimtaka ajieleze, na maelezo yake hayakuridhisha.

Lilikuwapo pia zoezi la kujenga moyo wa timu. Mfanyakazi hufumba macho, hujiangusha kinyumenyume, na wenzake humdaka. Rasilimali hakuwa na wenzake. Akafumba macho, akajiangusha. Mbavu zililia, ukumbi mzima ukasikia, na Profesa akauliza tumejifunza nini hapa. Kijana mmoja aliyeitwa Lutengano, mwenye tai ndefu na akili fupi, akanyoosha mkono.

"Timu hii haina kuaminiana, Profesa."

"Safi sana! Nani mwingine?"

Macho ya Profesa yakamwangukia Nyamizi. Nyamizi akasimama akasema, "Haina kuaminiana, Profesa," na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. Chini kule baba yake alikuwa angali chali, anatafuta pumzi.

Nyamizi alipofika mwaka wa tatu uchumi ukayumba. Wizara ikaagiza kila taasisi ipunguze wafanyakazi kwa nusu. Kitivo kilikuwa na maprofesa na mameneja kibao, lakini hao, kama unavyojua, si wafanyakazi. Mfanyakazi alikuwa mmoja. Watu wadogo wangeomba ufafanuzi wizarani. Profesa Mkumbwa hakuomba.

"Agizo ni nusu," alisema. "Nusu ya mmoja ipo. Muulizeni yeyote anayejua hesabu."

Basi upande wa kushoto wa Rasilimali ukaachishwa kazi. Mkono wa kushoto ulifungwa mwilini kwa kamba ya chuo, jicho la kushoto likazibwa kwa kitambaa safi, na upande huo ukaandaliwa hafla fupi ya kuagwa, yenye soda na hotuba. Ulishukuriwa kwa utumishi wake uliotukuka. Upande wa kulia ulitakiwa uhudhurie na upige makofi, ukashindwa, ukaonywa kwa utovu wa nidhamu. Kuanzia hapo Rasilimali alipiga randa kwa mkono mmoja, ubao kaubana kwa goti.

*

Kulikuwa na kipindi kimoja tu ambacho Nyamizi alikitamani. Kila mwanafunzi alipangiwa zamu ya kumwambia Rasilimali upungufu wake, ana kwa ana, na wengine wote hutoka nje ili mfanyakazi apate kuaibika kwa faragha. Zamu yake ilipofika alisubiri mlango ufungwe, akapiga magoti kando ya kamba.

"Baba. Mimi nitasema ukweli. Siwezi tena."

"Ukisema utaingia humu, na mimi sitatoka humu. Faida yake nini, mama?" Alimwita mama kwa kuwa jina la Nyamizi lilikuwa la mama yake mzazi. "Wewe jikaze umalize. Ukimaliza watakupa ofisi. Mwenye ofisi anaagiza. Utaagiza nirudishwe nyumbani, nami nitakwenda."

"Unaumwa."

"Naumwa upande mmoja tu. Ule mwingine siku hizi si wangu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mbavu. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anajua wewe ni mkubwa huku."

Kapala akaokota randa yake. "Mwache ajue hivyo. Na wewe usilie, watakuja waone macho mekundu. Niambie upungufu wangu, kwa sauti, wasikie huko nje."

Nyamizi akasimama, akafuta uso, akamwambia baba yake upungufu wake. Aliutaja mmoja baada ya mwingine, na kila alipokwama Kapala alimnong'oneza mwingine. Siku ile alipata alama za juu kuliko darasa zima.

*

Mtihani wa mwisho ulifanyika mbele ya taifa. Alikuja Naibu Waziri Msaidizi wa Mameneja, Mheshimiwa Bibi Shangwe Ndauka, na msafara wa magari uliochukua nusu saa kupita getini. Redio ilitangaza moja kwa moja. Lutengano alitangulia. Alimpandisha Rasilimali cheo kuwa Mfanyakazi Mwandamizi, akamwongezea kazi za cheo hicho, akafaulu. Binti mmoja alimshawishi aione njaa kuwa ni fursa, naye akafaulu kwa heshima. Nyamizi, aliyekuwa akiongoza darasa tangu mwaka wa kwanza, aliwekewa swali la mwisho.

"Wizara imeagiza tena wafanyakazi wapunguzwe kwa nusu," alisema Profesa Mkumbwa. "Kitivo, kama tujuavyo, kimebakiwa na nusu ya mfanyakazi. Mtahiniwa, ipunguze."

Ukumbi ulilipigia makofi swali lenyewe. Nyamizi aliuliza ni sehemu gani iondoke.

"Aliyesoma haulizi. Mkono unazalisha. Mguu unausimamisha mkono. Jicho linauongoza mkono. Kuna kiungo kimoja tu kinachopokea kila siku na hakitoi chochote chenye soko." Profesa alikigonga kitambi chake kwa fimbo, kwa mahaba. "Tumbo, binti yangu. Liachishe tumbo."

Kwa lugha ya watu kama mimi na wewe tusio na shahada, maana yake ni kwamba Rasilimali angeendelea na kazi, ila asingelishwa tena. Nyamizi alimtazama baba yake. Amebaki mbavu na kikohozi. Mtu huyo bila chakula hamalizi mwezi, na siku watakapomkuta amekufa watamwonya kwa utoro. Kapala naye alimtazama kwa jicho lake moja lililobaki kwenye ajira, akaitikia kwa kichwa: sema, mama, umalize.

Nyamizi alipiga moyo konde. Akasema kwa sauti waliyomfundisha, ile nzito isiyo na mtu ndani yake.

"Bwana Rasilimali, menejimenti imetathmini. Tumbo lako limeachishwa kazi."

Makofi.

"Na mkono wako wa kulia."

Makofi yakapungua.

"Na mguu, na jicho, na mgongo, na kichwa. Umeachishwa kazi wote mzima, kuanzia sasa hivi. Huna kazi hapa. Fungueni kamba apite." Kisha sauti ile ikamtoka, ikaja yake mwenyewe. "Nenda nyumbani, baba."

Kimya kilichofuata kilitangazwa nchi nzima, moja kwa moja.

"Mzima?" Profesa alishika fimbo kwa mikono miwili. "Tulisema nusu! Mtahiniwa amevuka mamlaka yake!"

"Tuna mwingine?" akauliza Bibi Shangwe.

"Hatuna, Mheshimiwa. Huyu ndiye alikuwa nguvukazi ya taifa."

"Kwa hiyo asubuhi nchi ilikuwa na mfanyakazi, na sasa haina." Naibu Waziri Msaidizi akavua miwani. "Na huyo baba ni baba gani?"

"Ni baba yangu mzazi," alisema Nyamizi. "Anaitwa Kapala. Ni seremala." Moyo wake ukawa mwepesi, mwepesi hata akatabasamu. Alimwona baba yake tayari yuko njiani, mama anatoka mlangoni, mchuzi uko jikoni. Yatakayompata yeye aliyajua, akayakubali.

*

Hapo nchi ile ilionyesha ukomavu wake. Kamati iliketi palepale, hata chai haikungojewa. Kuhusu mtahiniwa hapakuwa na mjadala: amevuka mamlaka, amefeli, aliyefeli ni mfanyakazi. Nafasi imejazwa. Suala la undugu likaahirishwa kwanza maana lilikuwa linachanganya. Kilichowatoa jasho ni yule mwanamume. Katika nchi ile mtu alikuwa mfanyakazi au meneja, cha tatu hakikuwapo. Kapala hakuwa mfanyakazi. Ameachishwa redioni, kila mtu kasikia. Wakatazamana.

"Hongera, Bwana Meneja," alisema Bibi Shangwe, akampa mkono. Alimshika wa kulia, maana wa kushoto, walipoufungua kamba na kumtoa kitambaa cha jicho, ulikataa kunyooka.

Nyamizi alivuliwa joho, akavalishwa aproni ya turubai, akaingizwa ndani ya kamba. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Hakuna mlinzi aliyesimama hapo, na nje njia ilikuwa nyeupe hadi barabara kuu. Alimwonyesha baba yake mlango kwa macho. Kapala akautazama mlango. Akapiga hatua kuuelekea, ya pili, ya tatu, akichechemea.

"Pumzika kidogo kabla ya safari, Meneja," alisema Profesa Mkumbwa kwa upole kabisa, akivuta kiti. "Kidogo tu."

Viti vyote vya ukumbi ule alivitengeneza Kapala, na kanuni zilimkataza mfanyakazi kukalia mazao ya kazi yake. Miaka yote ile alikula akiwa amesimama. Akakipapasa kile kiti, akakitambua, akakaa. Akakaa tena vizuri zaidi, akaurudisha mgongo nyuma mpaka ukaegemea. Mtu akamletea chai ambayo hakuiomba. Mtu mwingine akainama akamuuliza ana maoni gani kuhusu mwanga wa ukumbi. Kapala akafikiri. Akaona mwanga ni hafifu. Wakamshukuru, na dirisha likafunguliwa.

Kengele ikalia, Nyamizi akaanza kazi. Hakujua kupiga randa. Ubao ulimchana kiganja. Hakujali sana. Alidhani baba anawapumbaza, kwamba atanyanyuka wakianza kusahau, na kila mara aliinua uso kutafuta ishara. Baba alikuwa anamtazama, kweli. Alitazama mkono wake, akatazama ubao, akakunja uso.

"Anashika vibaya," alisema Kapala.

Ukumbi wote ukageuka.

"Kwa mwendo huu kiti hakiishi leo."

"Unashauri nini, Bwana Meneja?" Profesa alikuwa ameinama kabisa, amefurahi.

Kapala akameza funda la chai. "Aonywe."

Randa ikamponyoka Nyamizi. "Baba," alisema. "Baba, ni mimi. Mlango uko wazi. Nenda nyumbani, mama anakungoja."

Bibi Shangwe alivaa tena miwani. Ile sheria ya undugu ilikata huku na huku: meneja mwenye binti mfanyakazi angerudishwa ndani ya kamba siku hiyohiyo, meza wangeiongeza. "Bwana Meneja," alisema, "mfanyakazi anadai wewe ni baba yake. Unamfahamu?"

Kapala alimtazama Nyamizi kwa macho yote mawili. Alimtazama kwa muda, kwa makini, mikono kaiweka juu ya mikono ya kiti.

"Mimi nina binti mmoja tu, Mheshimiwa," alisema. "Anasomea umeneja, tena anaongoza darasa. Huyu ni mfanyakazi."

Kisha akaomba asogezwe mbele kidogo na kiti chake, apate kumwona vizuri anavyofanya kazi.